Mashua Tuliyoisuka kwa Mkonge

Kyalo alinipigia simu nikiwa nimeketi nje ya nyumba yangu hapa Matinyani, nachagua ndengu. "Mwaitu," aliniambia, "Swaleh ametuacha. Wanazika leo alasiri." Kyalo huniita Mwaitu, yaani mama, ingawa sikumzaa. Aliyemzaa ni Nduku, rafiki yangu, ambaye alikufa maji mwaka ule mimi na yeye tulipokuwa walimu kando ya mto Athi, na Swaleh ndiye aliyekuwa naye ndani ya mashua. Nilimjibu Kyalo kwamba tungeonana huko. Kisha nikamaliza kuchagua ndengu, kwa sababu ukiziacha nusu kuku hukumalizia kazi. Nikaoga, nikajifunga leso kiunoni na nyingine kichwani, maana kwenye msiba wa Waislamu mwanamke haendi kichwa wazi, nikatoka. Njia nzima hadi Kitui mjini nilikuwa nangoja uchungu uje. Watu wa rika langu siku hizi tunalia hata tukisikia wimbo wa zamani redioni. Mimi niliangalia mahindi ya watu yalivyonyauka mashambani, nikajiuliza kama nilikuwa nimefunga mlango wa jikoni. Uchungu haukuja, na kusema kweli sikushangaa, kwa sababu hata mwaka ule haukuja.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari juzi tu, sina kazi, nikachukuliwa kufundisha bila cheti katika shule ya msingi iliyo upande wa Kitui, karibu sana na mto. Mimi na Nduku tulipewa chumba kimoja mwisho wa madarasa. Zamani kilikuwa stoo ya majembe, na harufu ya kutu haikuwahi kutoka, hata tulipopiga sakafu maji na sabuni kila Jumamosi. Kulikuwa na vitanda viwili, meza moja yenye mguu mfupi uliowekewa kitabu cha hesabu, jiko la makaa, na sufuria mbili. Ukuta wetu haukufika kwenye mabati, kwa hiyo darasa la nane wakisoma kwa sauti ulidhani wako kitandani pamoja nawe. Nduku alinizidi miaka michache na alinizidi kila kitu kingine pia: urefu, kicheko, hata kulala. Nikimlalamikia kwamba anakoroma alinijibu, "Wewe Mwikali, shukuru. Ukisikia nakoroma unajua uko na mtu." Alikuwa na mtoto mmoja, huyu Kyalo, aliyekaa na nyanya yake ng'ambo ya mto, upande wa Makueni. Baba wa mtoto hatukumzungumzia. Kila Ijumaa baada ya masomo Nduku alipandisha leso magotini, akashika viatu mkononi, akavuka kwenda kulala na mwanawe, akarudi Jumapili jioni na ndizi na habari.

Hayo yalikuwa ya kiangazi. Mvua ikinyesha milimani mto ulijaa kwa siku moja, ukawa mwekundu na mpana, na Ijumaa za Nduku zikaisha. Daraja lilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa kuzunguka. Basi Jumapili baada ya ibada nyanya alimleta mtoto hadi ukingoni upande wao, nasi tukashuka hadi ukingoni upande wetu, na Nduku akaanza kupiga kelele juu ya maji. "Kyalo! Umekula?" Maji yalikuwa na kelele kuliko yeye. Tuliona mtoto akiinua mkono, nyanya akiinua mkono, midomo ikifunguka. "Amesema nini?" Nduku aliniuliza. Nilimwambia amesema amekula. Sikuwa nimesikia kitu. Tulipanda kurudi shuleni, tukapika chai, na Nduku akainywa akiwa ametazama ukuta wa upande wa mto.

Waliokuwa na haraka walivuka kwa mtungi. Ni ile mitungi ya plastiki ya njano ya mafuta ya kupikia: unaifunga miwili miwili kwa kamba, unaikumbatia, na vijana wenye nguvu wanakusukuma huku wakitukana mamba. Wengi walivuka hivyo salama, lakini mtoto wa shule humwambii akumbatie mtungi. Mwanzo wa mwaka ule lilikuja shirika fulani na mradi wa mashua, na bwana mradi, kijana mpole aliyevaa kofia ya majani, alituita sote kwenye chumba cha darasa la tano. Alisema shirika lingesaidia kwa sharti moja. Mashua isiwe na plastiki, wala lami, wala rangi ya sumu, na tusikate mti mkubwa. Kila kitu kitoke kwenye ardhi yetu, na siku yake ikifika kirudi ardhini bila kuacha alama.

"Kwani mtungi iko na makosa gani?" aliuliza Mzee Nzioka, mwenyekiti wa kamati ya shule. "Sisi tunavukanga na mtungi kutoka zamani."

"Plastiki haiozi, mzee. Itakaa kwa mto miaka na miaka."

Mama Wayua, kiongozi wa akina mama wa kusuka viondo, aliinua macho kutoka kwenye kiondo chake. Hata kwenye mkutano mikono yake haikupumzika. "Sasa si hiyo ndio tunataka? Kitu haiozi?"

Watu walicheka, na bwana mradi akacheka pia. Nduku hakucheka. Alisimama akasema, "Hata iwe ya karatasi, mimi nitapanda. Tuanze lini?" Maneno ya bwana mradi yalikuwa mazuri, na hata leo nikiyarudia kichwani sioni ubaya wake. Tulianza wiki iliyofuata.

Mkonge kila mtu alikuwa nao. Ndio ua wa mashamba yetu. Mkonge ukizeeka huchomoza mlingoti mrefu katikati, mlingoti ukatoa maua, na mmea wenyewe ukafa. Mlingoti huo ukikauka ni mwepesi ajabu. Mtoto wa darasa la kwanza anaubeba begani akiimba. Wanaume walikata milingoti iliyokauka, wakaifunga kwa kamba za mkonge, mmoja kando ya mwingine, wakaikunja mbele na nyuma mpaka ikawa na umbo. Juu yake kwa nje ikavalishwa ngozi ya mkonge iliyosukwa kama kiondo, kubwa kuliko kiondo chochote nilichowahi kuona. Hapo Mama Wayua hakutaka mzaha. Kila mwanamke ana mkono wake, mwingine anakaza na mwingine analegeza, na kiondo chenye mikono miwili huonekana kutoka mbali. Alitukagua mmoja mmoja kama tunaomba kazi. Nduku alipita. Mimi nilisuka mistari miwili, Mama Wayua akaivuta, akaitazama, akaniambia, "Mwalimu, wewe enda ukachemshe nta." Watu walinicheka mwezi mzima.

Basi nilichemsha nta. Tuliipata kwa warina asali, tukaiyeyusha pamoja na gundi ya miti na mafuta ya mbarika ndani ya sufuria kubwa ya shule, kwa kuwa nyingine ya ukubwa huo haikuwepo, na tukaipaka ingali moto kwa mafagio ya majani, tabaka juu ya tabaka, hadi ule msuko ukawa mweusi na unang'aa. Sufuria ile ilisuguliwa kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni, lakini nta haikutoka. Kwa muda mrefu muthokoi wa watoto, ule mchanganyiko wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa na ladha ya mshumaa. Watoto walikula tu. Nduku alisema ni vizuri, hata wakianguka mtoni wataelea.

Swaleh tulimjua kwa chai. Alikuwa na hoteli ndogo pale sokoni karibu na shule, vyumba viwili vilivyogawanywa kwa magunia, mbele benchi za wateja na nyuma jiko lake. Mahamri yake yalikuwa laini, yenye iliki, na ukiyachovya kwenye chai ulilazimika kuwahi, la sivyo yalikatikia humo. Alikuwa kijana wa Kitui mjini, Mwislamu, na Waislamu wa mjini sisi tuliwaita Waswahili, na kwa akili zetu Mswahili na bahari ni chanda na pete. Zaidi ya hayo, ukutani kwake palikuwa na kalenda ya miaka iliyopita, yenye picha ya mashua zimevutwa juu ya mchanga mweupe. Kwa hiyo mashua yetu ilipokamilika na Mzee Nzioka akasema sharti ikaguliwe na mtu wa bahari, hakuna aliyeuliza mtu huyo angetoka wapi. Tulikwenda kamati nzima, akina mama nyuma, tukamkuta Swaleh anakanda unga.

"Mzee, mimi nimezaliwa Kitui," alisema Swaleh. "Baba yangu amezaliwa Kitui. Babu ndiye alitoka pwani, na alikuja kuuza nguo. Mimi bahari nimeiona kwa hiyo kalenda tu."

Tulicheka sana. "Mnaona adabu ya watu wa pwani?" Mzee Nzioka akatuambia. "Hawajigambi."

"Si adabu, mzee. Ni ukweli."

"Haya, ukweli. Nawa mikono twende."

Alinawa, akaja. Alizunguka mashua mara moja na unga ukiwa bado kwenye viwiko, akaigusa hapa na pale kama mtu anayegusa ng'ombe wa mtu mwingine, akasema inapendeza. Hilo lilitosha. Tulimwita Nahodha kuanzia siku ile, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha na jina likabaki. Mvua kubwa zilipokuja na mto ukajaa tena, upondo wa kusukumia ulikuwa mikononi mwake, na ajabu ni kwamba alijifunza. Alivusha watoto asubuhi na kuwarudisha mchana, akavusha akina mama na kuku wao, akamvusha mchungaji wetu, aliyefumba macho njia nzima na baadaye akasema alikuwa anaomba. Mashua ilielea vizuri. Haikunywa maji hata kidogo, na bwana mradi alikuja akapiga picha.

Na Ijumaa za Nduku zikarudi. Wiki moja alimleta Kyalo kwetu, akalala naye kwenye kile kitanda chembamba, na asubuhi mtoto akahamia changu, akakojoa. Nduku alinunua mahamri ya kuniomba msamaha. Tuliyala sote watatu mlangoni, Kyalo ameketi kwenye kizingiti katikati yetu, miguu haifiki chini. Kama nilikuwa na furaha mwaka ule, ni pale. Nasema "kama" kwa sababu kila nikijaribu kuisikia tena furaha hiyo, napata harufu ya iliki na mkojo, basi.

Kiangazi kikaja, maji yakashuka hadi magotini, na mashua ikawa haina kazi. Kamati ilikutana hotelini kwa Swaleh kuamua itakaa wapi mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Mimi nilikuwepo, nikiandika majina ya waliohudhuria. Mzee Nzioka alisimama, akaenda kwenye kalenda, akaweka kidole kwenye picha. "Angalieni wenyewe wanavyoziweka. Wanavuta mpaka juu, wanaacha. Juu ya ardhi, hivi." Swaleh alisema kutoka jikoni, "Hiyo ni picha tu, mzee." Mzee Nzioka akamwambia picha haidanganyi. Basi mashua ikavutwa hadi juu ya ukingo, ikalazwa chini ya kibanda cha nyasi tulichoijengea ili jua lisiyeyushe nta. Tuliona tumefanya la maana. Kiangazi kile chote, mimi na Nduku tulikuwa tukienda kukaa ndani yake saa za mapumziko, tunasahihisha vitabu vya watoto na kutafuna mahindi ya kuchoma, yeye ameegemea upande mmoja, mimi mwingine, miguu yetu imekutana katikati. Ilikuwa kavu, safi, ina baridi nzuri. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na boma la Mama Wayua, na ghala lake la nafaka limesimama juu ya mawe, miguu imepakwa majivu.

Jambo jingine ninalolikumbuka kutoka kiangazi kile nililisikia nikiwa nangoja chai. Nilikuwa nimeketi benchi ya mwisho, mgongo kwenye magunia, na nyuma ya magunia walikuwa Swaleh na Mzee Nzioka. Hawakujua kama kuna mtu.

"Mzee, nitoe kwa hiyo kazi," Swaleh alisema. "Mimi hata kuogelea sijui."

"Nahodha anaogelea ya nini? Si yuko ndani ya mashua?"

"Na mtu akizama?"

"Nani amezama? Si umevusha watu mvua yote?"

"Hiyo ilikuwa bahati, mzee. Mimi sijui mashua ikiugua inakaa aje. Nitaangalia nini?"

"Swaleh, kijana yangu. Nyinyi hii kitu iko kwa damu. Weka sukari."

Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. Swaleh alipoleta chai yangu alinitabasamia vizuri, akaniuliza kama nataka na maharagwe. Nilimwambia ndiyo, nikala. Nilidhani, kama Mzee Nzioka alivyodhani, kwamba ni adabu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilianza usiku, na kulipopambazuka mto ulikuwa umejaa. Ilikuwa siku ya kufunga shule. Jana yake giza likiingia, maji yakiwa bado chini, mtu alikuwa ametuletea habari kwamba Kyalo ana tetekuwanga, amejaa malengelenge mpaka kwenye kope, na anamwita mamake. Nduku hakulala vizuri. Najua kwa sababu hakukoroma. Asubuhi alitia kwenye kiondo chake mkate, sukari, na ile dawa ya maji ya rangi ya waridi ya kupaka. Nilikuwa nimeinjika muthokoi wa mchana. Alifunua sufuria, akanusa, akasema, "Nampaka dawa narudi kabla hatujafunga shule. Muthokoi yangu usiguse, Mwikali. Nakujua."

Nilimsindikiza. Wanaume walikuwa wamefika, mvua inanyesha, kila mtu ana tope hadi magotini. Waliiinua mashua na kuipeleka majini. Chini yake palikuwa na udongo mwekundu uliogandamana, wakaupangusa kwa majani, udongo ni udongo, siku ile kila kitu kilikuwa na udongo. Ngozi ya nta ilikuwa nzima, nyeusi, inang'aa kama mwanzo. Mmoja wao akasema kwa furaha, "Imekuwa nyepesi!"

"Imekauka vizuri," Mzee Nzioka alisema. "Nta nzuri hiyo."

Swaleh alipanda, akashika upondo. Alisema wangojee kidogo aivushe kwanza peke yake. Nduku alikuwa tayari ameingia, ameketi, kiondo mapajani. "Nahodha, mtoto ananingoja," alimwambia. "Twende." Wakaenda. Ng'ambo nyanya alikuwa amesimama na vijana wawili wa kule, na mtoto amefunikwa leso. Mashua ilifika katikati. Haikupinduka, wala haikugonga jiwe. Ililegea tu. Ilikatika taratibu, kama hamri kwenye chai, mbele ikaenda na maji, nyuma ikaenda na maji, na pale katikati walipokuwa wameketi hapakuwa na kitu. Vijana wa ng'ambo walijitupa na mitungi yao ya njano. Walimpata Swaleh. Nduku alipatikana kesho yake, chini kabisa mto unakopinda, kwenye matete.

Nilirudi chumbani. Makaa yalikuwa yanakaribia kuzimika na muthokoi ulikuwa umeiva. Nilipakua, nikala. Nilipomaliza sehemu yangu nikala yake, nikakwangua sufuria, nikaiosha, nikaifunika juu ya meza ya mguu mfupi. Watu waliingia, wakanishika mabega, mchungaji akaomba, na mimi nikawa naangalia midomo yao ikifunguka kama ile ya watu wa ng'ambo. Nilisema amina palipostahili amina. Sikusikia chochote, hata hofu, na kila siku nilijiambia labda kesho.

Vipande vya mashua vilikwama kwenye mawe, na maji yaliposhuka kidogo tulikwenda kuviangalia. Mama Wayua alichukua mlingoti mmoja, mzuri kabisa kwa nje, akauvunja kwa mikono kama anavunja muwa. Ulikuwa mtupu. Ukatoka udongo mwekundu, na ndani ya udongo mchwa, weupe, wazima, wana kazi zao. Akavunja mwingine, na mwingine. Kisha akageuka akatazama ghala lake kule juu, limesimama kwenye mawe yake, nasi sote tukalitazama. Hakuna asiyejua Ukambani kwamba mchwa hula kila kitu kinachogusa ardhi. Ghala haligusi ardhi. Mzinga wa nyuki tunautundika. Hata mtoto akijenga kibanda cha kuku huanza na mawe na majivu, na hakuna anayemfundisha. Lakini mashua ilikuwa kitu cha watu wa bahari, na kwa kitu cha watu wa bahari tulizima akili zetu wenyewe, tukafuata kalenda.

"Alisema irudi ardhini," Mama Wayua alisema. Alimaanisha bwana mradi, ila hakusema kwa hasira. "Imerudi."

Hasira ilikuja baadaye na ikatafuta mtu. Haikuchukua muda, ikampata Swaleh. Walewale waliomcheka alipowaambia hajaona bahari sasa walisema amewadanganya, huyu si mtu wa pwani, ni Mswahili wa mjini tu. Alifunga hoteli, akarudi Kitui, na kalenda akaiacha ukutani. Lakini mto uliposhuka alivuka kwa miguu kwenda kwa nyanya yake Kyalo. Nyanya alinisimulia mwenyewe: Swaleh alikuja akaketi nje, hakutaka kuingia, akapewa uji, akaunywa, akaondoka. Mwezi uliofuata akaja tena na nguo za mtoto. Aliendelea kuja hivyo mpaka Kyalo akamaliza shule na kujifunza kazi ya magari, na gereji yake ya Malili, kando ya barabara kuu, Swaleh ndiye aliyeshika upande wa pili wa mabati wakiijenga. Mimi niliondoka shule ile, nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha hadi nikastaafu. Mto ule sasa una daraja la zege karibu na pale. Nimepita juu yake mara moja, nikiwa na watu wanaozungumza.

Nyumbani kwa Swaleh nilikuta wanaume wameshatoka na mwili kwenda makaburini, na wanawake wanapisha nafasi ya kutandika mikeka. Vijana walikuwa wamehamishia vyombo vya ndani uani: meza, stuli, kabati la nguo. Zuhura, mjane wake, alinipokea, tukakumbatiana, nikasema maneno yanayosemwa. Sakafuni palikuwa na makopo ya bati, yamepangwa pale vyombo vilipokuwa vimesimama, manne kwa kabati, manne kwa meza, na kila kopo lina majivu. Msichana mmoja alikuwa akiyakusanya kwenye beseni.

"Mwalimu, wewe ulimjua kabla yangu," Zuhura aliniambia. "Haya makopo ni ya nini? Miaka ishirini na zaidi mimi naishi nayo. Kila Ijumaa akitoka msikitini anabadilisha majivu. Kitanda, meza, mpaka stuli ya jikoni. Nikimuuliza, ananiambia niachane nayo."

"Ni mchwa," nilisema.

"Mchwa gani, Mwalimu? Hapa ni simiti tupu."

"Najua."

Alinitazama. Nilichukua beseni mikononi mwa yule msichana, nikatoka uani. Kabati lilikuwa limesimama juu ya udongo, udongo mwekundu wa Kitui, wenye unyevu wa maji ya kuoshea maiti. Zuhura alisema kutoka mlangoni kwamba ni la leo tu, jioni wanalirudisha ndani. Nilipiga magoti, nikapanga makopo, moja kila pembe. Kyalo aliingia langoni wakati huo, anatoka makaburini, ana udongo kwenye viatu na mikononi. Aliniona. Alishika upande mmoja wa kabati nami nikashika mwingine, tukainua.

"Ni nyepesi, Mwaitu," alisema.

Tuliliweka juu ya makopo, na mimi nikaanza kubisha ubao kwa vifundo vya vidole, chini, katikati, juu, nikiweka sikio. Zuhura alisema wametoa nguo zote ndani, ndiyo maana. Nilimsikia. Ubao ulilia mzito, mzima, hauna kitu ndani isipokuwa ubao. Nikabisha upande wa pili, nikabisha nyuma, nikarudi mbele, na machozi yakawa yanaanguka kwenye majivu, mpaka mtoto wa Nduku akanishika mkono.